KONA YA KIKAPU: Siku Alipoanguka Mrefu

Mwaka jana kona hii ilizungumzia viatu vya watoto na magoti ya wazee. Kwa habari ya viatu mlinishukuru sana. Kwa habari ya magoti mlinyamaza. Mwaka huu nimepokea maswali kutoka kwa wazazi wanne, na ukiyavua maneno ya adabu, yote manne ni swali moja: mwanangu amekuwa mrefu kuliko mlango, je, kuna riziki katika mpira wa kikapu? Mzazi mmoja amelitaja hata jina la Hasheem Thabeet, akauliza kwa nini wa kwake asiwe wa pili.

Swali hili si la mchezo tu. Ndani yake kuna karo ya shule, kuna viza, kuna shangazi na wajomba walio nyumbani ambao wamekwisha ambiwa kwamba ukoo umepata mtu. Kwa hiyo sitalijibu kwa ndiyo wala hapana. Nitawaomba kwanza tuitazame pamoja fainali moja ambayo wengi wetu tuliifuata kwenye simu zetu tukiwa tumejifungia ndani, yaani fainali ya ligi ya China ya mwaka 2020 kati ya Guangdong na Liaoning. Nadhani jibu limo humo.

Wanaoifungua kona hii kwa mara ya kwanza wajue kwamba mwandishi wake alilipwa mshahara kwa kucheza kikapu muda wa miaka saba, katika timu ya shirika moja kule Dar es Salaam. Sikuwa nyota. Katika wachezaji kumi na wawili nilikuwa wa saba, na mwaka mbaya wa tisa, yaani mtu wa benchi, anayevaa jezi safi na kurudi nayo safi. Mambo nitakayoyasema niliyaona nikiwa nimekaa, na aliyekaa huona mengi.

Tuanze na jambo ambalo wapenzi wa kandanda huwa hawalielewi upesi. Fainali ya kandanda mara nyingi huchezwa mara moja, ikaisha. Timu dhaifu inaweza kupata goli la bahati, ikalinda lango lake hadi kipenga cha mwisho, na kombe likawa lake. Kikapu cha kulipwa mara nyingi hakiamui ubingwa namna hiyo. Timu mbili hukutana tena na tena, na anayewahi kushinda mechi nyingi zaidi ndiye bingwa. Ndugu zetu wa Kongo wanaukumbuka mwaka 1994, marehemu Dikembe Mutombo alipokuwa Denver. Timu yake iliingia katika hatua ya mtoano ikiwa ya nane, ikapangwa na Seattle iliyokuwa ya kwanza, ikafungwa mechi mbili za mwanzo. Kisha ikashinda tatu mfululizo, ya mwisho ikiwa 98 kwa 94 baada ya dakika za nyongeza, na Mutombo akalala chali sakafuni ameukumbatia mpira kama mtoto wake. Haikuwa fainali, lakini ilionyesha wazi tabia ya mashindano ya namna hii: ukifungwa leo, kesho kutwa unarudi kukutana na mtu yule yule.

Sasa sikilizeni kinachotokea ndani ya mfululizo kama huo. Katika mechi ya kwanza kila mchezaji hodari hufanya anachokijua. Ikifika mechi ya pili, wapinzani wameshamsoma. Kama anapenda kupita kulia, kulia kumezibwa. Kama ni mrefu anayengoja mpira chini ya kikapu, watu wawili wanamngoja kabla mpira haujafika. Na miguu nayo huanza kudai haki yake. Mwaka 2020 mechi ya ligi ya China ilikuwa dakika 48, na mtu hupumzika siku moja tu, pengine mbili, kabla ya kurudi uwanjani. Ndipo mwalimu wa timu anapogeuza shingo na kuangalia benchi. Hapo hata mtu wa saba na wa nane wanaitwa, na timu nyingi hushinda au kushindwa kwa watu hao ambao majina yao hayaandikwi kwenye mabango.

Kwa kawaida fainali ya ligi hii huwa ya mechi saba, na wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa. Mwaka 2019 Guangdong waliwafunga Xinjiang nne bila. Ilikuwa furaha kubwa kwa mkoa wetu, kwa kuwa timu hiyo, ambayo nyumbani kwake ni Dongguan, mwendo mfupi tu kwa treni kutoka hapa tulipo, ilikuwa haijashika kombe tangu mwaka 2013. Nguzo yake ilikuwa Yi Jianlian, mtu wa mita 2.13, mzaliwa wa Heshan katika mkoa huu huu wa Guangdong, ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa wachezaji wa mpira wa mikono. Mwaka 2007 Milwaukee walimchagua wa sita katika uteuzi wa ligi ya Marekani, akacheza huko miaka mitano katika timu nne, kisha akarudi kwao. Mwaka 2012, katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki ya London, ndiye aliyebeba bendera ya China.

Watoto wetu wengi waliozaliwa hapa wamekua na picha yake ukutani, na jambo hilo limewahi kuleta mtafaruku majumbani. Mtakumbuka tarehe 8 Septemba 2019, Kombe la Dunia lilipokuwa hapa China, Nigeria ilipokutana na wenyeji katika jiji letu hili la Guangzhou. Sisi watu wazima tulikuwa Wanigeria wote siku ile, Mtanzania, Mkenya na Mkongo. Nigeria ilishinda 86 kwa 73, ikakata tiketi ya Olimpiki ya Tokyo, na Xiaobei hakukulalika. Lakini katika nyumba moja niijuayo, baba alipokuwa akiruka sebuleni, mwanawe wa miaka tisa aliingia chumbani akalia, kwa sababu Yi alikuwa amefungwa. Baba yule alitaka kumkemea. Bibi yao, aliyekuja kutembea kutoka Tanga, akamwambia: mwache, amelia kwa ajili ya jirani yake.

Basi ukaja mwaka 2020. Sina haja ya kuusimulia kwa urefu, maana hakuna nyumba isiyokuwa na hadithi yake. Ligi ilisimama Januari kwa sababu ya ugonjwa. Machi 28 China ilifunga mipaka yake hata kwa wageni wenye viza halali, na ndugu zetu waliokwenda nyumbani kwa wiki mbili wakajikuta huko mwaka na zaidi. Aprili tuliobaki tuliyaona tuliyoyaona: wapo waliotolewa katika nyumba walizokuwa wakilipia kodi, wapo waliokataliwa hotelini, wapo waliowekwa karantini ingawa hawakuwa wametoka nje ya mji. Mabalozi wa Afrika waliandika barua ya kulalamika. Mwezi huo huo wakuu wa jiji walitoa hesabu ya Waafrika waliokuwa wamebaki Guangzhou: watu 4,553. Tulikuwa tumezoea kusikia tukihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Ligi ilirudi Juni 20, bila watazamaji, timu zote zikiwa zimekusanywa katika miji miwili, Dongguan na Qingdao. Guangdong walikuwa wakicheza kama watu wanaokimbizwa na simba: katika msimu wa kawaida walishinda mechi 44 na kufungwa 2 tu. Fainali ilichezwa Qingdao mwezi wa Agosti, nayo kwa sababu ya hali ya mwaka ule ilipunguzwa ikawa ya mechi tatu badala ya saba. Kila timu ilishinda moja. Na katika fainali hiyo hiyo Yi Jianlian alianguka. Kano ya kisigino ilikatika, jeraha ambalo mchezaji mrefu na mzito huliogopa kuliko kuvunjika mkono, kwa kuwa mkono hupona ukasahaulika, lakini kano hii humrudisha mtu shule ya chekechea ajifunze upya kusimama.

Mechi ya tatu, tarehe 15 Agosti, iliamuliwa Yi akiwa hayupo tena uwanjani. Guangdong walishinda 123 kwa 115, wakachukua kombe lao la 10. Alikuwamo Sonny Weems, Mmarekani mweusi ambaye vijana wetu walimfanya kaka yao. Alikuwamo Zhou Peng, mkongwe wa kulinda, na Zhao Rui, Ren Junfei na Hu Mingxuan. Alikuwamo pia Xu Jie, kijana ambaye ukisimama naye kwenye foleni ya basi hutadhani ni mchezaji wa kikapu, kwa namna alivyo mfupi kati ya wenzake. Na mwaka uliofuata, 2021, Yi akiwa bado anauguza mguu wake, walikutana tena na Liaoning katika fainali, wakashinda tena na kuchukua la 11.

Watu wengi wakiisimulia fainali ile husema kwamba Guangdong walishinda kwa moyo. Mimi niliyekaa benchi miaka saba sikubaliani nao sana. Moyo tulikuwa nao hata sisi. Niwasimulieni kidogo.

Timu yetu ya shirika iliwahi kufika fainali ya mechi tatu. Mwaka siutaji, na majina siyataji, kwa kuwa watoto wa baadhi ya wachezaji wale wanakisoma kitabu hiki. Tulikuwa na mrefu wetu, mtu hodari kweli kweli, na msimu mzima mpira ulipita kwake kama maji yanavyopita bombani. Tulishinda mechi ya kwanza. Usiku wake homa ikampanda. Ilikuwa malaria, na asubuhi alikuwa hawezi hata kunywa uji. Mechi ya pili tukafungwa vibaya. Ya tatu niliingia mimi na wenzangu wawili wa benchi, tukacheza kufa na kupona, tukafungwa kwa pointi nne. Nakumbuka vizuri kwamba hatukukosa nguvu. Tulichokosa ni mazoea. Nikimpa mwenzangu mpira, yeye alikuwa bado anageuka. Yeye akikata kwenda kikapuni, mimi nilikuwa natazama kwingine. Msimu mzima tulikuwa tumeingizwa dakika mbili za mwisho, mechi ikiwa imeshaamuliwa na watu wameanza kutafuta viatu vyao, na katika dakika mbili za namna hiyo hamjui wenzako wanapenda kupokea mpira wapi.

Timu inayoshinda mechi 44 ina nafasi ya kufanya tusilofanyiwa sisi. Ikiwa mbele kwa pointi ishirini, inaweza kumpumzisha nyota na kumwacha kijana acheze robo nzima, akosee, arekebishwe, akosee tena. Kwa hiyo siku nyota anapoanguka, anayeingia huwa anaijua njia. Kombe la Agosti 2020 lilianza kutafutwa miezi mingi nyuma, katika mechi ambazo hakuna mtu anayezikumbuka.

Sasa ndugu zangu, tazameni nyumba zetu. Karibu kila ukoo unaosoma kitabu hiki una mrefu wake. Simaanishi mita mbili. Namaanisha yule mmoja aliyefika China kwanza, anayejua kiwanda gani kinatengeneza vizuri na kipi kinaficha ubovu chini ya boksi, mwenye namba ya ajenti wa mizigo, mwenye akaunti ya benki, anayelipa karo za watoto wa dada zake na dawa za mama. Mpira wote unapita kwake. Tunamsifu kwenye harusi, na kwa kweli anastahili. Walakini mwaka 2020 wengi wa warefu hawa walianguka siku moja.

Nyumba ile ya mtoto aliyelia ilikuwa mojawapo. Baba alikwenda Dar es Salaam mwanzoni mwa Machi kufuatilia mzigo bandarini, mpaka ukafungwa nyuma yake. Mkewe alibaki hapa na watoto watatu, kodi ya nyumba, na bidhaa ghalani ambazo alikuwa hajui hata ziko mtaa gani, kwa kuwa mumewe, kwa mapenzi kabisa, alikuwa amemwambia asijisumbue na mambo ya biashara. Risiti zilikuwa kwenye simu ya baba. Mkataba wa ghala ulikuwa kwa Kichina. Aliyeiokoa nyumba ile ni binti yao mkubwa, wa miaka kumi na minne, aliyekuwa akisoma shule ya hapa. Alimpigia mwenye ghala, akazungumza naye Kikantoni kwa adabu ya mtoto anayeongea na babu, akamwomba muda. Mama akajifunza kazi kwa wiki sita, kwa kuuliza na kukosea. Na nyumbani Kariakoo, wadogo wa yule bwana, ambao miaka yote walijulikana kama watu wa kupokea, walichanga. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona pesa zikitoka Kariakoo kuja Xiaobei.

Wao walisalimika. Wapo ambao hawakusalimika. Bidhaa ziliuzwa na mwenye ghala kufidia kodi, na familia ikarudi nyumbani na masanduku mawili. Hawakuwa na moyo mdogo kuliko wenzao. Benchi yao haikuwa imewahi kupewa dakika.

Nawarudia sasa wazazi wangu wanne. Thabeet ni fahari yetu, na nataka tumtaje kwa haki. Juni 2009 alichaguliwa wa pili katika ligi ya Marekani, Mtanzania wa kwanza kufika huko. James Harden alichaguliwa wa tatu, na Stephen Curry wa saba, nyuma ya kijana wetu wa Dar es Salaam. Alicheza Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City hadi 2014, baadaye Japani na Taiwan. Wako watu baraza zima wanaosema hakufikia matarajio. Matarajio ya nani? Taifa zima lilikuwa limemkalia mabegani kijana wa miaka ishirini na miwili aliyeanza mchezo huu akiwa amekwisha kuwa kijana, na nchi yenyewe ilikuwa haijampa mwenzake wa kupokezana naye. Katika mizani ya kikapu, kucheza miaka mitano katika ligi ile ni jambo kubwa. Sisi ndio tuliomweka peke yake uwanjani.

Kwa hiyo mtoto mrefu acheze. Mleteni, nitamfundisha kusimama, kuruka na kutua, maana wengi huumia kwa kutua. Asome shule kama wenzake, na asiambiwe na mtu yeyote, hata kwa utani, kwamba yeye ndiye atakayewajengea. Kano ya kisigino haiulizi ukoo una mipango gani. Na pesa mnazotaka kumpeleka nazo kwenye kambi za gharama kubwa, gaweni mara mbili: nusu ya kwake, nusu ya ndugu zake wafupi, mmoja ajifunze hesabu za biashara, mwingine asome Kichina cha kuandika. Akina baba, waonyesheni wake zenu na watoto wenu ghala liko wapi, ajenti ni nani, na karatasi gani ina maana gani. Fanyeni hivyo sasa, wakati mambo ni mazuri, ili wakosee mkiwapo.

Yi Jianlian alirudi uwanjani, akacheza kidogo kidogo, na Agosti 2023 akastaafu. Liaoning, waliofungwa fainali mbili mfululizo, walichukua kombe mwaka 2022, 2023 na 2024. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Guangsha wa Zhejiang, kwa mechi nne kwa tatu dhidi ya Beijing, baada ya kupoteza fainali za 2018 na 2022 bila kushinda hata mechi moja. Ndivyo mashindano haya yalivyo; kombe halina mwenyewe wa kudumu.

Mazoezi yetu ya Jumapili yanaendelea kama kawaida, saa kumi jioni, na kina mama watuwie radhi kwa kelele. Mwaka huu tutaongeza saa moja kwa wasichana na kwa wale wanaojiona wafupi. Kila atakayekuja atacheza dakika sawa na mwenzake, mrefu kwa mfupi, na mzazi asinipigie simu kulalamika. Nawatakia nyote mwaka wa afya na mizigo ifikayo salama. Wasalaam.